Mwalimu mgeni Lamu, usitosheke na "Ndiyo, mwalimu"

Mwalimu mwenzangu, ukipangiwa gredi ya nne au ya tano huku Lamu, siku za mwanzo utafurahi. Watoto wanasoma Kiswahili bila kukwama. Lugha yenyewe husomwa kama ilivyoandikwa, na wengi wao wanahudhuria madrasa, ambako wamezoeshwa kuitunza kila herufi. Lakini wepesi wa ulimi si ufahamu. Uliza "Mmeelewa?" na darasa zima litaitika "Ndiyo, mwalimu!" Wala hawakudanganyi, wanaamini hivyo kweli.

Mwaka 1979 mtafiti wa Marekani, Ellen Markman, alichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Watoto wa shule ya msingi walipewa habari fupi zenye kauli zinazopingana, na wengi, hata wa darasa la sita, hawakugundua kasoro.

Kwa hiyo mzoeshe mtoto kujikagua. Mimi huanza na kifungu nilichokiharibu makusudi: "Bahari ilikuwa shwari, upepo haukuwepo hata kidogo. Nahodha akatweka tanga, likajaa, jahazi likaenda mbio hadi Kizingitini." Mtoto wa Lamu halikubali hilo. Mkono utakuwa juu kabla hujamaliza: tanga limejazwa na nini? Mwambie hapo hapo kwamba mshtuko huo ndio wa kuusikiliza kila asomapo. Halafu zitenge kauli hizo mbili, utie sentensi nne au tano katikati. Baadaye mpe mada iliyo mbali naye, kama reli au kilimo cha chai. Hapa ndipo penye kazi. Kaa hapo wiki kadhaa, usiharakishe.

Kila aya ikiisha, afunge kitabu amhadithie jirani yake kwa maneno yake mwenyewe. Akishindwa, arudi kwenye sentensi ya mwisho aliyoielewa, aanzie hapo. Pakimshinda kabisa, atie alama ya kuuliza kwa penseli pembeni.

Anza wewe. Soma kwa sauti, simama, useme: "Hapa nimepotea. 'Akamwambia' — nani kamwambia nani?" Kisha rudi nyuma wakikutazama. Na anayesema hajaelewa asichekwe darasani kwako, tangu siku ya kwanza. Kwangu mimi hili ni kubwa kuliko mbinu zote.

Ukikusanya vitabu, pitia zile alama. Nyingi zikikutana kwenye mstari mmoja, usiwarudishe watoto kusoma upya. Kuna jambo ulipaswa kuwaeleza kabla hawajaanza, basi waeleze kesho yake.