Huyu mama anaumwa? Jinsi ya kuutazama uso wa kijani

Mwonyeshe mtu wa hapa Dar "Mstari wa Kijani", picha aliyoichora Mfaransa Henri Matisse mwaka 1905, na huenda akakuuliza: huyu mama anaumwa? Upande mmoja wa uso ni manjano, wa pili waridi, na katikati umeshuka mstari mnene wa kijani toka kwenye paji kupitia puani. Swali hilo nimelisikia Nafasi Art Space pale Mikocheni, na hata kwenye daladala nikiwa nimeifungua kwenye simu (abiria wetu kwa kuchungulia hawajambo).

Ushauri wangu: achana kwanza na kama kanuna au kafurahi. Ufunike ule mstari kwa kalamu. Pua inalala, uso unakuwa bapa. Ondoa kalamu, pua inasimama. Kumbe kijani ndicho kivuli chenyewe. Kisha tazama nyuma yake: shavu la waridi limepakana na kijani, la manjano limepakana na zambarau na rangi ya chungwa. Anayechagua khanga Kariakoo anajua rangi za namna hiyo zikikaa jirani zinavyong'arishana.

Ukiona bado ni uongo, nenda sokoni saa sita mchana, umtazame muuza nyanya aliyekaa chini ya turubai la kijani. Shavu la upande wa kivuli lina ukijani kabisa. La upande wa barabarani linawaka. Hatuuoni kwa sababu tumeshajiambia ngozi ina rangi gani.

Aliyechorwa ni Amélie, mke wa Matisse, aliyewahi kufungua duka la kofia familia ipate riziki. Mwaka huohuo alichorwa tena katika "Mwanamke Mwenye Kofia", picha iliyozua kicheko na hasira kwenye maonyesho ya Paris. Mkosoaji Louis Vauxcelles akawabandika Matisse na wenzake jina la wanyama wakali. Kuna wanaodai kijani kinatangaza ugomvi wa ndoa. Mimi hapo sipo. Midomo imefumba, nyusi zimetulia. Ugomvi wameuleta wenyewe.

Picha halisi iko Copenhagen, nayo ni ndogo, kama sentimita 40 kwa 32, hivyo ukiichapa kwenye karatasi ya A3 inakuwa ndogo kidogo tu kuliko yenyewe. Ukienda stationeri, mwambie kijana wa kompyuta asikusaidie kurekebisha rangi ya ngozi.