Uvimbe wa tumbo usio saratani: maswali yenu

*Daktari, nilijifungua mwaka jana. Sasa nina uvimbe mgumu kwenye msuli wa tumbo. Majibu yanasema ni desmoidi, si saratani, na wataufuatilia tu. Mbona hawautoi?*

Desmoidi ina tabia mbili zisizopatana. Haisambai kwenda mapafuni wala kwenye ini, lakini hapo ilipo hupenya ndani ya msuli kama mizizi. Kwa mwaka hupata watu 2 hadi 4 hivi katika kila milioni, na wanawake waliojifungua karibuni wamo sana. Zamani madaktari walikimbilia kisu, uvimbe ukarudi palepale. Baadaye ikaonekana kwamba baadhi, ukiziacha, husimama au hunywea zenyewe. Kwa hiyo kufuatiliwa kwa picha za MRI ndiyo tiba yenyewe kwa sasa, hujatupwa. Ikizidi kukua, dawa zipo. Nirogacestat iliidhinishwa Marekani mwaka 2023. Ila ulizia kwenu: kuna aliyekuwa na polipu nyingi (vinyama vinavyoota ndani ya utumbo) au saratani ya utumbo mpana? Upo ugonjwa wa kurithi unaoleta polipu hizo pamoja na desmoidi, na ukishukiwa utahitaji kuchunguzwa utumbo kwa kamera.

*Nina kinundu kwenye kovu la upasuaji wa uzazi. Niliambiwa ni uzi uliobaki.*

Kinauma lini, dada? Kama huvimba na kuuma hedhi inapokaribia, kisha kinatulia, mimi ningeshuku endometriosisi: chembe za utando wa mji wa mimba zilizopandikizwa kwenye kidonda siku ya upasuaji. Wengi huambiwa ni ngiri, wengine uzi, miaka inapita. Andika tarehe za maumivu kwa miezi mitatu umpelekee daktari. Kwa kawaida hukatwa chote, pamoja na nyama kidogo ya pembeni.

*Lipoma ya tumboni itolewe?*

Lipoma ni uvimbe wa mafuta usio saratani. Iliyo chini ya ngozi, laini, inayoteleza kidoleni na isiyokua, iache. Ila donge la mafuta likionekana nyuma kabisa ya tumbo, karibu na figo, usikubali liitwe lipoma kwa kutazamwa tu. Huko lipoma ni nadra kuliko saratani inayoanzia kwenye tishu za mafuta.

*Mtoto wangu amekutwa na mfuko tumboni wenye maji meupe kama maziwa. Ni usaha?*

Si lazima. Limfu, yaani majimaji yanayopita kwenye mishipa yake mbali na damu, ikitoka kwenye utumbo hubeba mafuta ya chakula, ndiyo weupe huo. Huenda mfuko huo ni limfangioma, uvimbe wa mishipa ya limfu. Si saratani, lakini inaweza kujisokota au kuubana utumbo. Akitapika mfululizo au tumbo likivimba ghafla, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.