Maswali ya Bustani: Dawa Imepulizwa, Wadudu Wamezidi

SWALI: Ndugu Mshauri, nina mawaridi na maua mengine ya kudumu ninayoyatunza kwa mwaka wa nne sasa. Mwezi uliopita machipukizi yalijaa vidukari wa kijani, majani yakajikunja na kunata, na sisimizi wakawa wanapanda na kushuka mashinani kutwa nzima. Nilipuliza dawa kali ya wadudu mara mbili. Vidukari walitoweka kwa wiki moja, kisha wakarudi wengi kuliko mwanzo, na sasa majani yana vidoadoa vya manjano na utando mwembamba upande wa chini. Je, niongeze kipimo cha dawa?

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usiongeze, dawa hiyo iweke kando kabisa. Ulianza na tatizo moja, na kwa maelezo yako inaelekea dawa imekuletea la pili. Vidoadoa na utando ni dalili za utitiri, ambaye si mdudu bali ni jamaa wa buibui, mwenye urefu wa takriban nusu milimita, na ndiyo sababu dawa nyingi za wadudu hazimwezi ilhali zinawamaliza wale wanaomla. Ili uhakikishe, weka karatasi nyeupe chini ya jani lenye vidoadoa, ligonge mara mbili tatu, kisha tulia utazame. Ukiona chembe kama za vumbi zinaanza kutembea, ndiye huyo.

Kuhusu vidukari, jike huzaa bila kupandwa na dume, tena huzaa watoto walio hai, na penye joto mtoto hukomaa kwa siku 7 hadi 10 hivi. Wachache waliosalia baada ya dawa hujaza tena chipukizi upesi, lakini maadui wao huchukua muda mrefu zaidi kurudi. Katika bustani ya maua ya kudumu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mimea haing'olewi kila msimu. Wadudu waharibifu wana makao hapo mwaka hadi mwaka, na walinzi wetu, yaani maadui wanaowala, vilevile, mradi tusiwaue.

Walinzi hao wengi hatuwatambui. Kidudu-kibibi mwenye mgongo mwekundu wa madoa meusi twamjua na kumpenda, lakini buu lake ni refu, jeusi, lenye miiba midogo na mabaka ya rangi ya chungwa, na nimeona watunza bustani wengi wakilibana kwa vidole wakidhani ndilo linaloharibu, kumbe lilikuwa likila vidukari kimoja baada ya kingine. Chunguza pia kama kuna vidukari waliovimba, wakawa rangi ya hudhurungi na wakavu kama karatasi. Hao wametagiwa yai ndani na nyigu mdogo mno, na kila ganda lenye tundu la mviringo ni mahali alipotokea nyigu mwingine. Chipukizi lenye maganda hayo usilikate.

Asubuhi, wapige vidukari kwa maji ya mpira, ukiinua majani ili maji yafike upande wa chini, na urudie kila baada ya siku mbili au tatu; utitiri nao hustawi penye joto na ukavu, kwa hiyo maji hayo yatawapunguza wote. Wazuie sisimizi wasipande, kwani hufuata utamu unaotoka kwa vidukari na huwafukuza walinzi. Wakibaki wengi, changanya kijiko kimoja cha chakula cha sabuni laini ya maji, si ya unga, katika lita 1 ya maji, ujaribu kwanza kwenye majani machache na kungoja siku mbili. Sabuni huua inapowagusa tu ikiwa bado haijakauka, basi nyunyiza jioni, usiwakose walio chini ya jani. Punguza pia mbolea yenye naitrojeni nyingi, maana huotesha machipukizi laini ambayo vidukari huyapenda mno.

SWALI: Kila asubuhi nakuta majani yametobolewa matundu makubwa, lakini simwoni mdudu yeyote. Nimeshauriwa kumwaga chumvi.

JIBU: Chumvi itaharibu udongo na mizizi, usiimwage. Toka usiku na tochi. Ukiona ute unaong'aa juu ya majani, mhusika ni koa au konokono. Laza kipande cha ubao juu ya udongo wenye unyevu karibu na mmea, na asubuhi ukiinue uwaokote waliojificha chini yake. Hamishia umwagiliaji asubuhi, ili ardhi iwe imekauka usiku unapoingia.

SWALI: Majani ya mawaridi yangu yamekatwa pembeni kwa nusu duara safi, kana kwamba kwa mkasi. Nipulize nini?

JIBU: Usipulize kitu. Huyo ni nyuki mkata-majani, anayeishi peke yake bila mzinga, na vipande hivyo havili bali huvibeba akavisokote kuwa vijumba vya mayai yake. Waridi halidhuriki, litaendelea kutoa maua, naye huchavusha maua ya bustani yako.