Kisanduku cha maswali: Nimetia modi, familia yangu ya Sims haifunguki

Wiki hii barua zote za gemu moja, The Sims 4, sijui mmeambizana au vipi. Kwa wasomaji wasoijua, ni gemu ya kuwalea watu kwenye nyumba, unawajengea, unawaoza, unawapeleka kazini. Modi ni faili wanazotengeneza wachezaji kubadilisha gemu inavyokwenda, na CC ni zile nguo, nywele na fanicha za kuongezea. Haya.

*Asalaam aleykum anti. Mie nacheza kwenye laptopu ya kaka, nikaona watu wamewavisha Sims wao mabuibui na makanga mazuri nikasema na mie sikubali, bas nikapata bando la usiku nikashusha CC na modi kama 200 hivi nikazimwaga zote kwenye folda ya Mods. Asubuhi nafungua, inalodi inalodi hafu inajitoa. Familia yangu nnayo tangu Ramadhani imo humo. Tafadhali usiniambie nifute nianze upya. (Mpendae, Unguja)*

Waaleykum salaam mwanangu. Mia mbili usiku mmoja? Haya tulia, familia yako ipo. Sevu, yaani michezo uliyoihifadhi, hazikai pamoja na modi, zina folda yao. Ingia Documents, hafu Electronic Arts, hafu The Sims 4 (kama Documents haina kitu tizama ndani ya OneDrive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, kompyuta nyingi siku hizi zinaihamishia huko kimya kimya), humo utaona folda ya saves na nyengine ya Tray, ya familia na nyumba ulizoziweka maktaba ya gemu. Kabla hujagusa kitu chochote kopi hizo mbili utie kwenye flashi. Mie ningekwambia hata ukisahau yote nnayoandika hapa hilo usilisahau, maana gemu yenyewe ni bure tangu Oktoba 2022, ukiipoteza unaishusha tena, lakini hao wajukuu wa Sims wako hawapo kwenye intaneti popote.

Sasa chukua folda ya Mods nzima uiburute uiweke desktopu, usiifute. Pale ilipokuwa kuna faili moja inaitwa localthumbcache.package, hiyo ifute bila woga, gemu inaitengeneza tena yenyewe. Fungua gemu. Ikifunguka ujue mchawi yumo kwenye zile mia mbili. Ila nakuomba, ukiingia kwenye familia yako ukakuta mama mtu kipara na sebule haina makochi, usishtuke na USISEVU, toka tu. Gemu haizioni zile CC ndo maana imevitoa, ukisevu hivyo basi makochi yamekwenda, hata ukirudisha CC hayarudi mahala pake.

Kumtafuta mchawi usifanye kama unachambua karafuu, kikonyo kimoja kimoja, utakesha. Gawa nusu kwa nusu. Rudisha 100, fungua gemu. Ikifunguka basi mbovu imo kwenye zile 100 nyengine, isipofunguka imo humu humu, unagawa tena 50, 25, mpaka mara kama nane hivi umeikamata. Kila raundi unafuta ile localthumbcache. Zinaweza kuwa mbovu mbili, au mbili nzima lakini hazipatani zenyewe kwa zenyewe kama wake wenza, kwa hivyo ukishaitoa moja na bado inajitoa usikate tamaa, endelea.

Na angalia hivi vidogo vidogo: faili za .zip na .rar lazima uzifungue kwanza gemu ipate kuzisoma, lakini .ts4script, ambazo ndo script modi, modi zenye kodi ndani yake, usiifungue iache ilivyo, tena isizame ndani zaidi ya folda moja chini ya Mods, ukiiweka folda ndani ya folda gemu haiioni. Nguo ya rangi mpya mara nyingi inataka faili yake ya mesh, yaani umbo lenyewe la nguo, bila hiyo Sim anavaa hewa. Na zile nywele zinazong'ara kama za tangazo ni nzito, laptopu ya kawaida ikibeba nywele thelathini za namna hiyo feni inalia kama bodaboda.

Siku nyengine tia tano, cheza, tia tano. Na usevu kwa Save As, kila siku nafasi mpya, kwa sababu umeme wetu unaujua, ukikatika katikati ya kusevu na sevu ni hiyo moja tu ndo utakuja kuniandikia tena. Hata ikitokea, kwenye ukurasa wa kufungulia sevu kipo kitufe cha kurejesha sevu ya nyuma, gemu yenyewe huwa inaweka nakala chache.

*Kaka yangu anasema modi zina virusi vinaiba paswedi. Kweli au ananitisha nimwachie laptopu? (Wete, Pemba)*

Laptopu anaitaka, lakini kasema kweli. Mwezi Machi 2024 kuna modi za Sims 4 zilikutwa na programu ya wizi ndani yake, na hazikuwa kwenye vichochoro, ziliwekwa CurseForge na Mod The Sims, sehemu ambazo watu wanaziamini, wezi wengine wakitumia majina ya watengenezaji wa kweli. Ikishaingia inakwenda kuchukua paswedi ulizohifadhi kwenye brauza, akaunti ya Discord, Steam na kadhalika.

Inawezekana vipi? Faili za .ts4script ni kodi ya Python, kompyuta inaiendesha, na kodi inaweza kufanya mambo hata nje ya gemu. Faili ya .package yenye nywele au kabati haina uwezo huo. Kwa hivyo buibui na kanga zako pakua kwa roho safi kidogo, lakini .ts4script iheshimu. Chukua kwa mtengenezaji mwenyewe, kwenye ukurasa wake mwenyewe, soma tarehe, na kama ni modi ya zamani imeibuka ghafla na apdeti ambayo mwenyewe hajaitangaza, subiri siku mbili tatu, watu watapiga kelele kama ina kitu. Baada ya yale mambo mtengenezaji wa modi TwistedMexi, ambaye ndo mwenye Better Exceptions, modi ya kukuonyesha ipi mbovu, alitengeneza modi ya ModGuard ya kuwazuia wezi wa namna ile, iweke. Na modi ikija kama .exe, ikitaka uiinstoli kama programu, hiyo siyo modi ya gemu hii, itupe.

Ukihisi umeshaiingiza, zima wifi hapo hapo, piga skani ya antivairasi, hafu paswedi zibadilishe kwa simu, siyo kwa laptopu ile ile. Na kama baba anafungulia mambo ya benki humo humo, mwambie. Utagombezwa, lakini mwambie.

*Kila gemu ikifanya apdeti modi zangu zote zinapotea. (Mkoani)*

Hazijapotea, gemu inazizima yenyewe kila apdeti. Ingia Game Options, sehemu ya Other, washa tena CC na pia script modi, ni visanduku viwili, watu wanawasha kimoja wanasahau cha pili, hafu uzime gemu uiwashe. Lakini usikimbilie, modi kubwa kama MC Command Center zinataka toleo jipya baada ya apdeti kubwa, mpe mwenyewe siku aitengeneze. Mie apdeti za kujiendea zenyewe nimezifunga.

*Nina PS4, naweka vipi? (Chake Chake)*

Huweki. PlayStation na Xbox hazipokei modi wala CC za kushusha mwenyewe kama za kompyuta, na anayekwambia anakuuzia flashi yenye modi za PS4 mwache apite.

*Shikamoo. Mwanangu ana miaka 12, skuli wenzake wote wanacheza, anataka hizo modi, mie sizijui. Nimruhusu? (Bububu)*

Marahaba mama, ahsante kwa kuuliza. Gemu yenyewe Ulaya imewekewa alama ya 12, lakini alama ile ni ya gemu bila modi. Zipo modi za watu wazima kabisa, na zipo za damu na mauaji, na hakuna anayemuuliza mtoto umri anapobonyeza. Usimkataze moja kwa moja maana atakwenda kushusha kwa jirani. Kaa naye, mwambie nguo na fanicha sawa, ila script modi yoyote mnaisoma pamoja kwanza. Na kama anachotaka hasa ni Sim wake ajistiri, mwambie atazame kwanza upande wa kofia kwenye gemu, hijabu zimo, zimekuja kwa apdeti ya bure, hazitaki modi wala bando.