RSI Ikipita 70, Usikimbilie Kuuza

Wanaoanza biashara ya fedha za kigeni mara nyingi huniuliza ni kiashiria gani kinachotoa ishara za kuaminika. Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kukiamini kiashiria chochote, ujue kwanza kinapima nini. Chukua RSI, kiashiria cha nguvu ya mwendo wa bei kinachosoma kati ya 0 na 100, ambayo J. Welles Wilder aliitambulisha mwaka 1978 na ambayo leo imo katika karibu kila programu ya chati. Kwa kawaida hutazama bei za kufunga za vipindi 14, ikalinganisha kiasi kilichopanda na kiasi kilichoshuka. Iwapo siku za kupanda zimeiongezea dola jumla ya yeni 6 na siku za kushuka zimeipunguzia yeni 2, kupanda ni 6 kati ya jumla ya 8, na katika hesabu ya kwanza ya vipindi hivyo RSI itasoma 75. Namba hiyo inaeleza nguvu ya wanunuzi katika siku zilizokwisha kupita, wala haina habari ya kesho.

Kwa sababu hiyo siridhiki na mafunzo yanayomwambia mtu auze RSI ikipita 70 na anunue ikishuka chini ya 30. Tarehe 16 Machi 2022 benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba, huku Benki Kuu ya Japani ikibaki na riba yake ya hasi 0.1 kwa mia. Dola iliyouzwa kwa takriban yeni 115 mwanzoni mwa mwezi huo ilipita 130 kabla Aprili haijaisha, na Oktoba ikavuka 150. RSI ya chati ya siku ilikuwa imepita 70 tangu Machi, na aliyeuza kwa hoja hiyo pekee aliuza mwendo ukiwa bado mchanga.

Mimi huanza na mwenendo. Bei ikiwa juu ya wastani wa bei za kufunga za siku 200, na wastani huo wenyewe ukiwa unapanda, sitafuti nafasi ya kuuza. Husubiri RSI ishuke hadi karibu na 40, kisha igeuke kupanda, ndipo nifikirie kununua. Kuongeza viashiria vingine kama MACD na stokastiki juu yake hakuleti ushahidi mpya, kwa kuwa zote zinakokotolewa kutokana na bei zilezile.

Kiashiria ninachokithamini kuliko vyote ni ATR, nacho pia ni cha Wilder, ingawa hakionyeshi mwelekeo kabisa. Kinapima wastani wa upana wa mwendo wa bei kwa siku, na mimi huweka kikomo cha hasara, yaani bei ambayo ikifikiwa biashara hufungwa, umbali wa mara mbili ya kipimo hicho. Tuseme ATR ya dola kwa yeni ni yeni 1.5, basi kikomo kitakaa yeni 3 kutoka bei ya kuingilia. Dola ikiwa yeni 130, kununua dola 1,000 tu kunakuweka katika hatari ya kupoteza yeni 3,000, yaani takriban dola 23. Mwenye mtaji wa dola 500, aliyejiwekea sharti la kutopoteza zaidi ya asilimia 1, anaruhusiwa dola 5 pekee, kwa hiyo biashara hiyo inamzidi na hana budi kuiacha. Kusogeza kikomo karibu ili hesabu ikubali hakumsaidii, kwa sababu bei itakigusa katika mtikisiko wake wa kawaida wa siku, hata kama mwelekeo aliouona ulikuwa sahihi.