Matuta mbele ya shule: barua iende kwa nani?

SWALI: Sisi ni klabu ya wanafunzi wa kidato cha tatu, kijijini mkoani Morogoro. Malori na bodaboda hupita kasi mbele ya shule. Tulimwandikia diwani kuomba matuta, mwezi wa pili huu kimya. Tufanyeje?

JIBU: Diwani hajengi barabara. Muulizeni mtendaji wa kijiji barabara hiyo ni ya nani: barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), za wilaya na za vijijini ni za TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini). Mkikosea hapo mtapigwa danadana mpaka mmalize shule.

Halafu pimeni, maana "magari yanakimbia sana" ni maneno matupu mbele ya mhandisi. Wekeni alama mbili kando ya barabara, mita 100 kutoka moja hadi nyingine. Wa alama ya kwanza ainue mkono gari linapompita. Wa alama ya pili, mwenye simu, aanze kuhesabu hapo na asimamishe likimfikia. Gari la kilomita 50 kwa saa, ukomo wa maeneo ya makazi, hutumia sekunde 7.2. Likitumia pungufu, limezidisha. Msifupishe ziwe mita 20 kwa uvivu: hizo ni sekunde 1.4 tu, kidole kikichelewa kidogo hesabu yote imeharibika. Andikeni kila chombo, hata cha polepole. Mkichagua vya mbio peke yake mhandisi atawashtukia. Fanyeni siku tatu za masomo, saa 12:30 hadi 1:30 asubuhi, mwalimu akiwepo, mkikaa nyuma ya mtaro. Dereva akiwaona na saa mkononi hupunguza mwendo. Hesabuni pia wanaovuka.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa angalau kila miezi mitatu, na wajumbe wake ni wakazi wa miaka 18 na zaidi. Basi mzazi atoe hoja, ninyi mbandike takwimu. Muhtasari wa mkutano uambatane na barua kwa meneja wa wakala husika, nakala kwa diwani. Nakala yenu igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Bila huo, mtaambiwa barua haikufika.

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na bajeti hupangwa miezi mingi kabla. Barua ya Mei imechelewa. Ombeni na kivuko cha pundamilia, rangi ni nafuu kuliko tuta.

Na msirundike udongo barabarani wenyewe, hata wazee wakiwahimiza. Tuta lisilo na kibao huangusha bodaboda usiku.