Kuchomelea kutu kwenye gari la zamani: maneno kwa fundi anayeanza

Kijana akitoka VETA na cheti cha uchomeleaji, swali lake la kwanza gereji huwa la mashine: niweke ampea ngapi? Swali si baya, ila limewahi mno. Kwenye gari lililooza, kazi kubwa ni kutafuta, kukata na kusafisha. Moto unakuja mwishoni, na ukishafika hapo kwa njia sahihi, hauchukui muda. Anayekimbilia moto anaishia kushona kiraka juu ya kutu, na kutu haishiki mshono. Kiraka kitakaa, puti itapakwa, rangi itang'aa, mteja atalipa na kushukuru. Masika moja tu, kitu kile kile kinatokeza pembeni ya kiraka, sasa kikubwa kuliko mwanzo.

Kazi yangu ni ya huku pwani, Dar es Salaam, na magari ninayoyasemea ni yale yanayojaa gereji zetu: Corolla za zamani, Hilux, Suzuki Samurai, Land Rover. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi ikichanganyika na unyevu huharakisha kutu kuliko maji matupu. Lakini baya kuliko yote ni pikapu ya samaki. Barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanachuruzika kwenye bodi ya nyuma, yanapenya kwenye maungio na kutua juu ya chasisi, alfajiri baada ya alfajiri. Ukiletewa pikapu inayopakia pale Feri, soko la samaki, anza kuikagua nyuma, juu ya ekseli, kabla hujatazama kitu kingine. Tena usidanganyike na gari la bara. Mtu anakuletea gari kutoka Dodoma, mji mkavu, chini limeliwa. Huenda lilizeekea Hokkaido, kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji. Lilishuka bandarini na kutu yake.

Cha kwanza kujifunza ni kipi kinabeba. Hilux, Samurai na Land Rover za zamani zina chasisi ya ngazi: mihimili miwili mirefu na krosmemba, yaani vyuma vya kukingama, kati yake, bodi imefungwa juu kwa bolti. Bodi ikitoboka mlangoni ni aibu, lakini gari linatembea. Mhimili ukitoboka ni habari nyingine. Corolla haina chasisi ya hivyo. Bodi yenyewe ndiyo chasisi, na nguvu yake imo kwenye maboksi yaliyokunjwa kwa bati: vizingiti vya chini ya milango, nguzo, mihimili ya mbele inayoshika injini, na pale juu inapofungwa shokapu. Kwa hiyo kizingiti cha Corolla si pambo, ingawa mteja atakwambia "hapo weka puti tu, fundi".

Uingereza, ambako chumvi ya barabarani imemaliza magari mengi, wakaguzi wana kanuni moja ninayopenda kuwapa vijana kwa sababu inapimika kwa rula: kutu iliyokula chuma ndani ya sentimita 30 kutoka mahali panaposhika mkanda wa usalama, sitiringi, breki au springi huhesabiwa kasoro ya usalama, na hairuhusiwi kuzibwa kwa puti wala ribiti. Lazima ichomelewe. Chukua rula hiyo hiyo uipeleke chini ya gari lolote lililo mbele yako. Utashangaa ni kutu ngapi ulizoziita "za bodi" zimo ndani ya mstari.

Kukagua kunataka nyundo ndogo, bisibisi kuukuu na masikio. Gonga taratibu ukifuata mhimili. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali, kilichooza kinajibu kwa mlio uliokufa, kama umegonga boksi la karatasi. Hapo ndipo unachoma bisibisi, na uchome kweli. Mteja akikunja uso, mwambie kama chuma kinatobolewa na mkono, jiwe la barabarani litafanya zaidi. Sumaku nayo isikose mfukoni, maana haishiki juu ya puti nene. Lami mpya chini ya gari kuukuu ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko kutu ya wazi. Mtu hapaki lami mpya kwenye gari analotaka kuliuza kwa sababu analipenda.

Ukishapaona, kata. Ukifungua kizingiti kwa grenda utaona jambo ambalo darasani halionekani vizuri: kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo inavimba. Bati mbili zilizokuwa zimebanana zinasukumwa na kuachana, na katikati kuna magamba ya kahawia yanayobanduka tabaka kwa tabaka ukiyagusa kwa kucha. Chini yake kuna udongo mwekundu uliogandamana, bado una unyevu hata wakati wa kiangazi, na ukiufukua utakuta tundu la kutolea maji limezibwa nao. Ndiyo chanzo chenyewe. Kutu ya boksi huanzia ndani ikaja nje. Doa dogo unaloliona juu ya rangi ni mwisho wa safari yake. Endelea kukata mpaka ukingo mzima ung'ae na uwe na unene wake wa asili. Ukisita kati ya kukata hapa na sentimita mbili mbele, kata mbele. Na usishangae ukikuta vitu. Nimekuta magazeti yaliyopakwa puti na nimekuta saruji.

Ila kabla ya kukata kizingiti cha gari lisilo na chasisi, lifunge. Gari likae sawa, uzito wake ukiwa umebebwa pale unapobebwa siku zote, si limening'inia kwenye jeki moja katikati. Chomelea au funga kwa bolti bomba la chuma ndani ya uwazi wa mlango, toka nguzo hadi nguzo. Pima kwa futi kamba pembe kwa pembe, andika vipimo ukutani kwa chaki. Kata upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili. Mlango ndio shahidi wako: ufunge na kuufungua kila baada ya hatua, na ukianza kukwaruza, simama hapo hapo. Mlango unaokataa kufunga baada ya kazi haurekebishwi kwa kugonga bawaba.

Chuma cha kiraka kifanane na kilichotoka. Bati la nje la bodi huwa chini kidogo ya milimita moja, vizingiti na mihimili ya ndani hufika moja na kitu, kwa hiyo shiti ya geji 18 inakutosha kwa kazi nyingi za Corolla. Chasisi ya pikapu ni nene zaidi. Pima kwa kalipa kwenye sehemu nzima, usikisie. Bati la kuezekea nyumba halifai kabisa: halifiki nusu milimita na limepakwa zinki. Wapo wanaokata mapipa ya oili. Chuma chake si kibaya, lakini pipa tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Neno hilo hilo kwa tanki la petroli. Tanki tupu ni hatari kuliko lililojaa, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni ukaenda kutafuta moto mbali na ulipo. Ukichomelea karibu na nyuma, tanki linashuka na kutolewa nje ya banda. Kulifunika kwa gunia bichi si kinga. Toa pia kapeti, viti na mipira ya breki iliyo karibu. Fungua betri, kuanzia upande wa hasi, na kama gari lina mifuko ya hewa, subiri dakika kadhaa kabla ya kugusa chochote. Klampu ya athi ikae karibu kabisa na mshono, kwenye chuma kilichosuguliwa, ili umeme usipitie beringi au kompyuta ya injini kutafuta njia ya kurudi. Mtu mmoja ashike ndoo ya maji na atazame upande wa pili wa bati, kwa sababu moto huanzia usikouona, na abaki pale muda baada ya wewe kuzima.

Hewa usiichezee. Dawa ya kusafishia breki yenye klorini, ikikutana na mwanga na joto la kuchomelea, hutoa gesi ya sumu inayoweza kuua. Safisha kwa brashi ya waya na tinna, acha ikauke kabisa. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe, na jioni yake unatetemeka, unapata homa na viungo vinauma. Wengi hukimbilia kusema ni malaria. Nenda kapime, lakini mwambie daktari ulichokuwa unachomelea. Homa ya zinki huisha yenyewe kwa siku moja au mbili, na maziwa tunayoshauriana kunywa hayaizuii. Kusugua zinki kabla ya kuwasha na kukaa upande unakotoka upepo ndiko kunakosaidia. Miwani ya jua pia si kinga. Macho yanayohisi kama yamejaa mchanga usiku wa manane yamechomwa mchana na mwanga wa kuchomelea.

Sasa mashine. Kwa bati la bodi, mashine ya waya na gesi ndiyo inayofaa, waya wa milimita 0.6 kwa bati jembamba na 0.8 kwa mihimili. Rodi ya kawaida itatoboa bati la Corolla kabla hujahesabu tatu, ila kwenye chasisi ya Hilux rodi ya 2.5 mkononi mwa anayeijua inafanya kazi safi. Gereji zetu nyingi ziko wazi, na upepo wa alasiri hupuliza gesi ikaondoka. Ukiona mshono una vitundu kama sponji, usilaumu mashine, weka turubai. Ukitumia waya wenye unga ndani usiohitaji gesi, kumbuka kubadilisha nyaya za hasi na chanya kwenye mashine. Hilo vijana husahau, kisha hulalamika kwamba cheche zinaruka ovyo.

Usivute mshono mrefu kwenye bati jembamba. Piga doti, ruka mbali, piga nyingine upande wa pili, rudi katikati, mpaka doti zikutane. Ukigusa bati na mkono ukaurudisha haraka, pumzika. Nyuma ya pengo unaloliziba, bana kipande cha shaba: haishikani na chuma na inakuzuia kutoboa. Pale kiwandani walipounga bati mbili kwa nukta, toboa matundu ya milimita 8 kwenye bati la juu, libane vizuri kwa vaisi gripu, ujaze kila tundu ukianzia katikati yake.

Kwenye mhimili wa chasisi kuna jambo moja ambalo mafundi wakongwe hubishania, nami nina upande wangu. Kiraka cha mraba chenye mshono uliosimama wima, ukikata mhimili toka juu hadi chini, ni kibaya hata kikishonwa vizuri. Mhimili unapinda kila gurudumu linapoingia shimoni, na ufa unapenda mstari ulionyooka. Kata kiraka chenye ncha mbele na nyuma, mshono ulale kwa mshazari. Wala usiweke pleti nene kuliko mhimili ukidhani unaongeza nguvu. Sehemu ngumu kupita kiasi huhamishia ufa ukingoni mwake. Na palipogongwa namba ya chasisi usipaguse. Namba hiyo ndiyo iliyo kwenye kadi ya gari, ukiikata umempa mteja kesi.

Land Rover ina mtego wake. Mabati mengi ya nje ni aluminiamu, ukuta wa mbele ya dereva ni chuma, na palipogusana pamoja na maji ya chumvi, kimoja humla mwenzake. Waya wa chuma haushiki aluminiamu, basi usijaribu.

Baada ya moto, kutu mpya inaanza siku hiyo hiyo pale ulipochoma rangi ya ndani, na ndani huoni. Nje piga praima ya epoksi na dawa ya kuziba maungio kabla ya rangi. Ndani ya boksi puliza nta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu, uanzie mwisho ukirudi nyuma, mpaka uione ikichuruzika kwenye matundu ya maji, kisha hakikisha matundu hayo yamebaki wazi. Oili chafu inasaidia kidogo na ni rahisi, sikatai, ila inadondoka, inaharibu bushi za mpira, na atakayechomelea hapo baadaye atakutana na moto.

La bei, usitaje bei ya mwisho kabla ya kufungua. Patana bei ya kukagua na kukata kwanza, mwite mwenye gari aone kwa macho yake, piga picha, ndipo mzungumze. Wapo watakaochukua gari lao na kwenda kwa jirani, waache. Na ukikuta chasisi imeoza pale inaposhika springi au boksi la sitiringi, pande zote mbili, mweleze mzee kwa heshima kwamba hapo panahitaji chasisi nyingine, uikatae kazi hata akikwambia ni ya kumalizia mwezi tu. Yule unayemfanyia, mpangie arudi masika yakiisha. Fungua vizibo vya vizingiti, ingiza tochi, na kama nta imeoshwa, puliza tena; ni kazi ya nusu saa.